Daktari wa Bwawa la Laoban Kuang

Fursa ilimchungulia Anatory siku ya Jumapili, kutoka nyuma ya bango la bia.

Alikuwa amekwenda na wenzake wa kanisani kwenye bwawa dogo la starehe nje ya Guangzhou, mahali pa kuvua samaki na kuendesha viboti vya pedeli vyenye sura ya bata. Ukuta wa bwawa ulikuwa mkongwe, umeota majani, na upande wa nje mwenye bwawa alikuwa ametundika bango kubwa. Sasa bia nyuma ya bwawa anatangaziwa nani, konokono? Anatory akainua pembe ya bango. Palikuwa na ufa, na maji yakichuruzika taratibu kama kamasi za mtoto.

"Asante Bikira Maria," akasema, maana alikuwa mtu wa shukrani.

Tumjue kidogo. Alikuja China kwa skolashipu kusomea uhandisi wa maji, akasoma mwaka mmoja, chuo kikamshinda. Kule Bukoba mama yake alikwisha kuitwa Mama Injinia, na jina kama hilo likishamkaa mzazi, mtoto harudi nyumbani hivi hivi. Basi akawa anaishi kwa ulimi. Kampuni zilimkodi avae tai na kukaa meza kuu, kwani miaka ile kampuni isiyo na mgeni wa ng'ambo mezani ilionekana haijafika popote. Wazungu walilipwa zaidi, lakini tai zao hazikuifikia yake.

Siku chache baadaye alirudi bwawani na kofia ya njano ya ujenzi, pamoja na Zubeir, mwanafunzi wa ufamasia kutoka Unguja, aliyembebea begi. Ndani ya begi mlikuwa na kipimo cha daktari, kile cha kuvaa masikioni, kilichonunuliwa Yide Lu kwenye maduka ya jumla.

"Kaka, hichi cha kuchezea watoto," Zubeir akanong'ona. "Kina picha ya sungura."

"Mgeuze sungura aangalie ukutani."

Mwenye bwawa, Laoban Kuang, yaani Bosi Kuang, alikuwa mzee mnene wa kandambili na cheko la karibu. Alitazama huku Anatory akiugusisha ukuta kile kipimo, akisikiliza hapa, akisikiliza pale, akitikisa kichwa kama madaktari wanavyowatikisia ndugu wa mgonjwa wakiwa mlangoni.

"Laoban, ukuta wako una presha."

"Presha!"

"Na pumu kwa mbali. Ikija mvua kubwa, hawa bata wako utakwenda kuwaokota bandarini Huangpu."

Kuang akashika kifua. "Dawa ipo?"

"Mtaalamu wa kimataifa auangalie kila wiki. Kwa posho, bila shaka."

"Kila wiki haitoshi! Mwenye presha huangaliwa kila siku. Injinia, hamia hapa. Nyumba ipo, chakula kipo, posho mwisho wa mwezi. Nipe tu pasipoti nikakuandikishe polisi. Mgeni akilala kwangu bila kuandikishwa, ni kesi."

Hilo kweli lilikuwa sheria. Na pasipoti ya mgeni mjini hushinda mikononi mwa watu, leo hoteli, kesho wakala wa viza. Anatory akaitoa kama anayetoa salamu.

Nyumba ilikuwa nzuri, ina vigae na feni. Kasoro yake ni kwamba ilijengwa chini ya ukuta wenyewe. Kuang akatundika ubao wenye picha ya Anatory amevaa kofia: *Injinia Mkuu, mwenye mamlaka yote juu ya bwawa hili, anaishi hapa.* Wateja wakafurika. Ikiwa mgeni msomi analala chini ya ukuta, wa kuogopa nani? Anatory akapigwa picha na watoto wachanga, akala bata bukini wa kuokwa mpaka tai ikambana.

"Wajinga ndio waliwao," alimwambia Zubeir kwa simu.

Kisha ikaja mvua ya mwezi wa sita, ambayo Guangzhou hainyeshi, inamwagwa. Kufika mchana ukuta ulikuwa unatema maji mahali ambapo hata kipimo cha sungura hakikugusa. Anatory akakimbilia ofisini, roho mkononi.

"Laoban, pasipoti yangu!"

"Mei you. Haipo, bado iko polisi."

"Ukuta unakwenda!"

Kuang akajimiminia chai. "Injinia ni wewe. Mimi muuza tiketi tu. Mwenye mamlaka yote ni nani? Kasome ubao."

Anatory akampigia Zubeir. "Njoo unitoe!"

"Pasipoti i wapi?"

"Anayo laoban."

"Basi kaka, na wewe umo mfukoni mwake."

Kutoroka bila pasipoti ilikuwa kukamatwa njiani, kupandishwa ndege, na Mama Injinia kumpokea mwanawe mbele ya Bukoba nzima. Kubaki ilikuwa kuzikwa na bata. Anatory akalivamia gurudumu la lango la maji lililoshikana kwa kutu. Akaning'inia juu yake, akalipiga teke, akasali, akalitukana Kihaya. Likazunguka. Maji yakanguruma kwenye mfereji kuelekea mtoni, bwawa likashuka, bata wakalala ubavu kwenye tope. Ukuta ukasimama.

Anatory alilia. Hakuwahi kufanya kazi ya kweli ya injinia, na sasa alikuwa na furaha ya mtoto. "Mama," akasema, "leo si uongo."

Alipogeuka, Kuang alikuwa amesimama na mwavuli, na nyuma yake mafundi wakichomeka vigingi kwenye tope.

"Maghorofa," Kuang akaeleza kwa upole. "Idara ya maji ilinikatalia kulikausha. Mwenye mali akikausha ni kosa. Injinia akikausha ni usalama."

"Na wakisema hapakuwa na hatari?"

"Basi kosa ni la injinia. Wako njiani, wana hamu ya kuona cheti chako." Akachomoa pasipoti kwenye mfuko wa shati, akamrudishia. Kumbe polisi haikufika hata mlangoni.

"Na posho yangu?"

Kuang akaonyesha tope kwa kidole. "Chagua samaki."

Anatory alipanda basi la mjini amelowa, amemfunga kambare kwa tai. Alimwonea Kuang hasira, na zaidi ya hasira, wivu wa mwanafunzi kwa mwalimu. Mama mmoja wa kiti cha jirani akamtazama samaki, akauliza bei.

Anatory akajifuta uso, akakaa sawa.

"Mama," akasema, "huyu si samaki wa hivi hivi. Amekulia kwenye bwawa lenye injinia wake."