Propela ya Inchi Sabini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Ndege yangu iko uani, imekalia mkia, pua juu kama mtu aliyenuniwa akanuna zaidi. Imebaki propela tu. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea, anasema inchi sitini zinatosha. Zinamtosha yeye! Nimemwagiza seremala sabini na mbili. Kubwa huvuta kwa nguvu, na uwanja wetu wa kurukia ni mfupi, mwishoni kuna miti.

Jumatano, 5 Machi
Imefungwa. Kutoka ncha ya chini hadi ardhini, inchi kumi na nne. Raha iliyoje! Mke wangu, fundi cherehani, akauliza kama ndege ikikimbia haiinui mkia. Nikasema huinua. Akauliza, mkia ukipanda, pua si itashuka? Nikamwambia aendelee na marinda yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeupandisha mkia juu ya meza ya jikoni, kisirisiri. Ncha ya propela imebakiza inchi mbili tu hadi ardhini! Shemeji akaingia bila hodi. Akasema hata kichuguu kitaila propela hiyo. Nikadai nilikuwa nafagia chini ya mkia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaza matairi upepo mpaka yakawa jiwe. Faida: nusu inchi. Mke kasema, “Baba Pacha, punguza hizo ncha, ama unipe talaka kabla sijawa mjane.” Nimeahidi kufikiria. Nimefikiria. Sipunguzi.

Jumamosi, 8 Machi
Uwanjani. Kukimbia tu, bila kuruka. Mkia ukapanda vizuri, nikaanza kutabasamu. Gurudumu likadumbukia kwenye kishimo. Kraaa! Udongo, nyasi, vipande vya mbao. Nikajipapasa: miguu miwili, mikono miwili. Mke akaja mbio pekupeku, akanishika uso, akalia, akanizaba kofi. Shemeji akatoa futi yake, akapima kilichobaki. “Sasa ndiyo inchi sitini, shemeji.”

Jumapili, 9 Machi
Shavu bado lina moto. Nimetafakari, na nakiri kosa: nilihangaika na propela bure, kumbe tatizo ni ardhi. Iko juu mno! Nimemwagiza seremala nyingine, inchi sabini na sita. Kesho naazima jembe. Nitachimba mfereji katikati ya uwanja, mwanzo hadi mwisho, propela ipite humo. Mke nimemwambia nakwenda kupanda viazi.