Binti Yetu Kwenye Duara

Jumatatu, tarehe 9

Salamu kwanza. Najua hili ni daftari, wala halijibu. Lakini mimi niliishia darasa la nne, na kitu nilichofundishwa kuandika ni barua, na barua bila salamu ni utovu wa adabu. Basi, mimi sijambo, ila moyo unanienda mbio. Mume wangu Seremala hajambo, mgongo umetulia. Kuku wote watatu hawajambo. Pasi kubwa ya mkaa haijambo, ile ndogo bado inatema majivu kwenye mashati ya watu. Jirani Mama Kioo hajambo sana, jana nimemsikia akicheka mpaka huku. Binti yetu, aliye mbali kwenye kituo cha televisheni, anasema hajambo. Anasema. Mimi mama yake nitaamini nikimwona.

Na hapo ndipo shida ilipo.

Kuanzia leo hadi Jumamosi binti yangu anajaribiwa kazi. Taarifa ya habari ya saa moja jioni, chaneli mpya. Pembeni ya kioo, chini, kuna duara. Ndani ya duara ni yeye, anawatafsiria viziwi habari kwa mikono. Jumapili mkubwa wake anaamua: apewe kazi au arudi nyumbani kupiga pasi na mimi. Lugha hiyo aliijua kabla hajaweza kutamka "mama", maana baba yake hasikii tangu azaliwe. Miaka yote hii Seremala anaangalia habari kama anayeangalia samaki kwenye chupa. Midomo inafunguka, inafumba. Anauliza, nami namwambia nusu, kwa kuwa mikono yangu ni mizito na nusu nyingine sijaielewa. Leo aambiwe na mwanawe!

Chaneli ni ya bure, hailipiwi kwa mwezi. Ila imekuja na zile mpya za HD, zenye picha safi hata unyweleo unauona. Binti alinionya kwenye simu: king'amuzi chenu cha zamani, mama, kitakataa, nendeni kwa Mama Kioo. Akaniapisha pia nisimpigie mtu yeyote kituoni. Anadhani mimi ni mtu wa kupigapiga simu.

Kwa Mama Kioo! Mwanamke aliyesema mbele ya wateja wangu kwamba binti yangu kasomea kupunga mikono, si bora angefukuza ndege mashambani. Heri niangalie ukuta.

Nina akili yangu. Fundi Mawimbi, anayefunga antena za mtaa mzima, amenipa antena iliyoandikwa HD kwa herufi za dhahabu. Nitampigia pasi nguo zake wiki tatu. Nimemwambia Seremala kila kitu tayari. Amenyoa ndevu.

Saa mbili kasoro. Balaa. Chaneli imekuja. Sauti imekuja, safi kama maji ya mtungini. Picha hakuna. Kioo cheusi tii, mtu anasoma habari gizani. Nyumba hii ilihitaji picha bila sauti, tumeletewa sauti bila picha.

Nimemwambia Seremala kituo kimezimika kwa watu wote. Akaniangalia. Akainuka, akaweka kiganja juu ya televisheni, vile anavyoweka kwenye mashine ya kuranda kujua kama inazunguka. Spika ilikuwa inatetemeka. Akanigeukia, akaniuliza kwa mikono: kama kimezimika, huyu anayeongea ni nani?

Nikaenda kukunja mashati.

Jumanne, tarehe 10

Asubuhi kwa Fundi Mawimbi. Anasema antena haina kosa, ila chaneli zitafutwe upya. Nikamuuliza kama sauti peke yake si dalili kwamba king'amuzi ni kizee. Akasema, mama yangu, hata wazee huamka wakiitwa. Nikaridhika. Sijui kwa nini huyu mtu huniridhisha.

Nikaketi na rimoti. Nikashuka kwenye orodha mpaka nikakuta maneno: rudisha kila kitu kilivyotoka kiwandani. Nikafikiri. Kiwandani kilitoka kipya. Kikiwa kipya, HD kitaikubali. Hii mbona Fundi hakuiona? Kikaniuliza kama nina hakika. Ni mara ngapi mtu ananiuliza hivyo kwa heshima? Nikabonyeza ndiyo.

Chaneli kumi na nne, zote zimefutika. Hata ile sauti ya gizani imekwenda. Kimeleta maandishi ya nchi gani sijui, kama vifaranga wamekanyaga wino.

Na leo Jumanne, siku ya mieleka, kipindi pekee Seremala anachokifuata bila kuhitaji mtu. Nilipomsikia anavua viatu mlangoni nikaisukumiza rimoti chini ya kapu la nguo. Tumeitafuta pamoja saa nzima. Mimi ndiye niliyetafuta kwa bidii zaidi.

Siku mbili za mtoto zimepita. Baba yake hajaona hata kidole.

Jumatano, tarehe 11

Mpango mpya, na huu hauna waya.

Kama mimi siendi kwa Mama Kioo, Seremala anaweza kwenda kikazi. Saa nne nikampelekea mashuka yake, maana ugomvi ni ugomvi na mteja ni mteja. Alipoingia ndani, nikachomoa skurubu mbili za bawaba ya kabati lake la sebuleni, linalotazamana na ile televisheni kubwa kama mlango wa stoo. Nikatumia kisu cha siagi. Skurubu moja ikaniponyoka, sikuiona ilikoangukia. Saa sita nikasikia mlango wa kabati ukianguka. Saa nane akatuma neno: mumeo aje.

Nikamwambia Seremala aende saa kumi na mbili na nusu, asiende mapema, mama yule ana wageni. Hesabu yangu: bawaba nusu saa, habari saa moja, anageuka na bisibisi mkononi, anamwona mwanawe.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano huyu hapa mlangoni. Kamaliza. Kabati lilikuwa zuri, anasema, kuna mtu tu kalichokonoa vibaya. Nikamuuliza mbona haraka hivyo. Akasema aliona mimi nina wasiwasi siku hizi, akafanya upesi arudi nyumbani.

Nimeolewa na mtu mwema. Ananimaliza.

Alhamisi, tarehe 12

Binti kapiga simu mchana. Sauti ndogo. Anasema mkubwa wake haonyeshi dalili yoyote, si ya kupenda wala kuchukia. Kuna watazamaji wamelalamika duara linaziba majina yanayopita chini. Anasema, "Mama, mnaniona lakini?"

Nikasema tunakuona. Nikasema baba yako anakuona kila siku, anafurahi. Akauliza baba alisemaje kuhusu habari ya daraja jana. Nikasema alisema ni daraja zuri. Binti akasema liliporomoka.

Nikasingizia chai inafurika, nikakata.

Sasa nani asingefanya nilichofanya baada ya hapo? Namba ya kituo waliisoma Jumatatu mwisho wa habari. Ndicho kitu pekee nilichopata siku ile, nikakiandika ukutani kwa mkaa. Nikapiga. Nikafinya koo. Nikasema mimi ni mtazamaji wa kawaida, sina undugu na mtu, naipongeza kazi ya yule msichana wa kwenye duara. Dada wa upande wa pili akafurahi, akasema ataandika. Akauliza nimependa nini hasa.

Sikujiandaa kwa hilo. Habari zile mimi nimezisikia tu. Mdomo ukaenda wenyewe: nikasema nimependa sauti yake tamu.

Dada akaniomba nirudie. Nikarudia.

Ijumaa, tarehe 13

Kituo kizima kinacheka. Binti kapiga asubuhi kabla mkaa haujashika. Wameandika ubaoni: Sauti Tamu. Wanamwita hivyo kwenye ngazi. Mkubwa ameuliza mtazamaji huyo ni nani, kwa nini anawapotezea muda. Kesho ni siku ya mwisho.

"Mama, ni wewe?"

Nikasema si mimi. Nikasema dunia ina watu wengi.

"Mama, nikirudishwa nyumbani sitakulaumu. Ila baba usimdanganye tena. Mwambie hajaniona."

Kumbe alijua tangu daraja.

Nilikaa na pasi mpaka ikapoa mkononi. Nikaenda karakana. Nikamwambia Seremala kwa mikono, yote, king'amuzi, rimoti, skurubu, simu. Kuungama kwa mdomo unaweza kuinamisha uso. Kwa mikono lazima mtu akuangalie. Nilipofika kwenye skurubu akafumba macho, nami ikabidi ningoje ayafumbue ndipo niendelee.

Hakugomba. Akajipangusa vumbi la mbao, akavaa koti, akatoka. Nikamfuata nikimvuta mkono. Akapita mlango wetu, akagonga kwa Mama Kioo. Alipofungua, Seremala akaonyesha televisheni, akaonyesha macho yake, akaunganisha viganja kuomba.

Mimi nilikuwa nyuma yake, naangalia kizingiti.

Mama Kioo akasema, "Jirani, tangu Jumatatu natenga viti viwili saa moja. Leo nikasema sasa wana majivuno hawa."

Nikasema tulikuwa na kazi nyingi.

"Nimeona. Skurubu yako nimeikuta kwenye pindo la shuka."

Ila leo umeme umekatika mtaa mzima, wanasema mpaka asubuhi. Imebaki siku moja.

Jumamosi, tarehe 14

Asubuhi umeme haukurudi, ulirudi saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili tumeshaketi. Saa moja kasoro dakika tano taa ikapepesa, sote watatu tukashika viti.

Akatokea.

Mtoto wangu. Mdogo, chini pembeni, lakini safi, mpaka kifungo cha juu cha blauzi nakiona, na mfupa wa bega. Amekonda! Nilisema mimi. Nilitaka kusimama nikamshike. Mama Kioo akanivuta nikae.

Seremala hakupepesa. Binti akisogeza mikono, kichwa cha baba kinaitika. Kuna habari ya waziri mmoja, sisi wawili tukaisikiliza kwa adabu, Seremala akacheka peke yake. Akatugeukia akatueleza. Mume wangu ananieleza mimi habari! Kumbe waziri alifungua kisima kisicho na maji, msomaji alilisema kwa kulizungusha, mikono ya binti ikalisema wazi.

Mama Kioo alikuwa haangalii msomaji tena. Akasema polepole, "Yule mikono yake inasema kuliko huyu mwenye tai." Lile neno la ndege sote wawili tulikuwa tunalikumbuka. Akaninyanyulia sahani ya karanga, nikachukua.

Hali ya hewa, mwisho kabisa. Msomaji akataja mvua. Na binti badala ya alama ya mvua inayofundishwa shuleni, vidole kushuka wima, akavikunja vikaanguka vikijiviringisha, kama maranda ya mbao yanavyotoka kwenye randa. Hiyo ni mvua ya nyumbani kwetu tu. Baba yake aliitunga binti akiwa na miaka miwili, kwenye vumbi la karakana. Hakuna kiziwi mwingine duniani anayeijua.

Seremala akasimama. Akajigonga kifua: yangu hiyo.

Mimi nikashika kichwa. Amekosea. Siku ya mwisho, dakika ya mwisho, mbele ya nchi nzima, kakosea.

Picha ikahamia kwenye matangazo. Seremala bado amesimama, machozi yanamtoka, na mimi namwombea mwanangu mvua ipite bila mtu kuiona.

Jumapili, tarehe 15

Saa tatu simu haijalia. Saa nne. Nimeunguza kola mbili.

Saa tano na robo ikalia. Amepata! Miezi mitatu kwanza, halafu wataangalia. Mvua waliiona. Mkubwa alimuuliza ametoa wapi alama ile, binti akasema ukweli: aliogopa, mikono ikakimbilia nyumbani. Kosa moja kwa siku sita, mkubwa akasema, wengine huanza na sita kwa siku moja. Akamwomba asirudie. Seremala nilipomwambia kwamba mvua yake imekatazwa, akasema sawa, basi aje ainyeshe hapa.

Binti akaniambia pia, huku anacheka, kwamba mkubwa alipoingia kwenye kikao hakuhitaji kutajiwa ni msichana yupi. Jengo zima linamjua Sauti Tamu.

Nilimwambia unaona basi, simu ile ilisaidia. Akasema, "Mama, hapana. Kazi nimepata kwa mikono yangu. Naomba sana, usifanye kitu chochote tena." Nikamwahidi.

Na ahadi nimeitunza. Simu sijaigusa leo. Barua si simu. Ninainakili hapa kabla sijaitia kwenye bahasha, Seremala akiwa bado amelala mchana:

*Kwa Mkubwa wa Kituo. Salamu nyingi. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto hawajambo, na wazazi wako kama wapo? Yule dada wa simu hajambo? Msomaji mwenye tai, mpe pole ya kazi. Mimi sijambo, ni mtazamaji wa kawaida. Naandika kuhusu duara. Ni dogo mno. Ungelikuza likafika katikati, na yule mwenye tai akahamia pembeni, maana yeye anasikika hata asipoonekana, hilo nina ushahidi nalo. Vilevile yule msichana amekonda. Watazamaji tunaona kila kitu sasa kwa hizi picha zenu za HD. Awe anakula mchana, ameketi, asiharakishwe, na uji asubuhi. Nijibu upesi sana kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha. Tafadhali jibu usimpe msichana alete, maana hatujuani.*