Kabureta ya Midomo Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amenipita tena mlimani. Kaka wa mke wangu, gari lake kuukuu kuliko langu, na bado akapiga honi! Jumamosi anaolewa kitindamimba wa kwao, na mama mkwe ametangaza kwamba atapanda gari langu, si la mwanawe. Heshima kubwa. Lazima tufike wa kwanza. Nimefunga ile kabureta ya magari ya mashindano, ya midomo miwili, niliyobadilishana na redio ya sebuleni. Gari linawaka, lakini halina nguvu. Linalilia petroli.

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa jirani amekuja kuchungulia. Kasema jeti, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu la kupimia petroli, haitobolewi. Inawekwa nyingine kubwa kidogo, kisha unakagua plagi. Tena nibadilishe kitu kimoja kimoja. Maneno ya mtu asiye na harusi! Nimetoboa jeti zote mbili, nimepandisha sindano inayobana petroli, nimeinua boya linalopima kina chake. Yote nimeyaandika kwenye jedwali, kwa rula.

Jumatano, 5 Machi

Moshi! Petroli imezidi. Plagi nyeusi tii, kama sufuria la kuni. Jirani ameanua nguo zake bila hata salamu. Jedwali langu ni safi sana, ila haliniambii kosa ni lipi kati ya yale matatu. Fundi kasema tundu likishapanuka halirudi. Amesahau kuna risasi ya kulehemu. Nimeziba. Nimetoboa upya, padogo.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa gari lina njaa. Linapiga chafya, linachemka, linalipua ekzosi. Shemeji kapita, kaniuliza kwa upole wa kuudhi kama tunakwenda harusini au vitani. Kasema kwake kuna nafasi ya mama. Nikamwambia hiyo nafasi apakie viti. Mke wangu kaniomba nirudishe kabureta ya zamani. Nimeshaitoa viungo vyote! Nimetoboa tena. Mkono uliteleza. Kidogo tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe alikaa mbele, gauni jeupe pe. Katikati ya mlima gari likazima. Nikaliwasha. Wingu jeusi likatoka nyuma, upepo ukalirudisha lote dirishani. Mama mkwe alishuka, akapunga mkono, shemeji akasimama. Honi hakupiga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Picha zote za bibi harusi zina mama wa kijivu. Baadaye aliniita pembeni, akanieleza taratibu kwamba mkwe akitaka kumfukiza mtu, basi amwambie mapema avae nguo za jikoni.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kanionea huruma. Kaniachia gari lake ili kesho asubuhi nimrudishe mama kwake na kumwomba radhi njiani. Kanishika bega, kasema, tafadhali shemeji, wewe endesha tu.

Bila shaka. Nimelizungusha mtaani kulijaribu. Tulivu. Tulivu mno! Gari linapanda mlima namna ile kwa kabureta ya mdomo mmoja? Nimefungua kuangalia tu. Jeti yake ina tundu dogo la kusikitisha. Maskini, miaka yote hii hakuna aliyewahi kumsaidia.

Mama nitamchukua saa nne. Muda upo.