Vyandarua vya Miplamu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Miplamu yangu imechanua! Yote sita, myeupe pee. Mwaka jana ilichanua pia, maua yakadondoka, tunda halikuonekana. Mwizi namjua. Ni nyuki wa Tobia, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji. Wanavuka kwangu, wanabeba chavua yangu, wanaipeleka kwenye mplamu wake mzee, ule uliopinda, wenye matunda machachu. Wake unazaa mpaka matawi yanainama. Yangu, sifuri!

Mwaka jana niliifunika miti kwa vyandarua vya zamani. Vilikuwa na matundu. Mwaka huu nimepata vipya. Huku Mlalo ni baridi, mbu wachache, watu wamevikunja tu ndani. Vitano nimeazima kwa ndugu. Cha sita nimekitoa kitandani kwa dada yangu. Amesema maneno ambayo sitayaandika.

Na safari hii si mzaha. Klara, mpika jamu, amesema wazi: akiona plamu moja tu mtini kwangu, wazee wangu waende kwao wakaposa. Asipoiona, niache kumsumbua. Nampenda yule mwanamke, jamani!

Jumatano, 4 Septemba

Bibi shamba wetu, Faudhia, mtu wa Tanga mjini, amepita. Ameona vyandarua, akauliza kama miti ina malaria. Nikamweleza habari ya wizi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema bila nyuki hakuna tunda, kwa sababu chavua lazima ihame kutoka ua hadi ua.

Sawa. Nyuki wa nini? Mikono ninayo! Nimechukua unyoya wa jogoo, nikaingia ndani ya vyandarua, nikahamisha chavua ya mti wa kwanza hadi wa pili, ya wa pili hadi wa tatu. Kutwa nzima. Shingo imekakamaa. Nyuki wa Tobia walikuwa nje wananitazama. Mtajiju!

Ijumaa, 6 Septemba

Faudhia amerudi. Nimemwonyesha unyoya kwa fahari. Akauliza miti niliipata wapi. Nikasema niliibebesha mwenyewe, yaani nilipandikiza vikonyo kwenye miche, vyote kutoka kwenye mti mmoja mtamu wa mjomba wangu kule Rangwi. Akashika kichwa. Anasema basi sina miti sita. Nina mti mmoja uliosimama mahali sita! Vinasaba ni vilevile. Na kwenye shingo ya ua la plamu kuna protini inayokagua kila chavua inayoingia. Ikikuta ina alama sawa na ya ua lenyewe, inaiua njiani, haifiki kwenye yai. Inayopita ni chavua ya mplamu wa aina nyingine. Akasema hata sisi tukitaka kuoa si tunaulizana kwanza ukoo?

Kumbe kutwa nzima ya juzi nilikuwa naozesha ndugu. Mimi, mwanakwaya!

Mplamu wa aina nyingine hapa karibu ni mmoja tu. Wa Tobia. Nimwombe Tobia? Bora nife. Tangu apewe kuongoza sauti ya nne kwenye kwaya badala yangu, kati yetu imebaki shikamoo tu, kwa kuwa amenizidi umri.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetoroka ibada wakati wa matangazo. Tobia lazima angebaki na kwaya. Nikapanda mti wake, nikashika tawi lililojaa maua, kisu mdomoni. Mara kikohozi chini. Tobia! Biblia kwapani, sauti imemkauka, leo hakuimba.

Ningefanyaje? Mkubwa ni mkubwa. Nikatoa kisu mdomoni, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza habari za huko juu. Nikasema nzuri. Akauliza za dada. Nzuri. Za shamba. Nzuri. Mguu ukafa ganzi, nikateleza, nikatua kwenye maharage yake.

Nilingoja matusi. Akaenda kuleta msumeno, akanikatia matawi mawili makubwa yenye maua. Akaniita mgosi, kama wanaume wa Kisambaa tuitanavyo, akasema yatie kwenye ndoo za maji, weka ndoo katikati ya miti yako, toa vyandarua, nyuki watamaliza. Akasema hata mwaka jana angenipa kama ningeomba. Imeniuma sana. Sasa nitamchukia kwa lipi?

Jumapili, 29 Septemba

PLAMU! Ndogo, za kijani, saizi ya njegere, kila tawi! Klara amekuja, ameshika moja kwa vidole viwili, amecheka, amesema wazee waje Jumamosi. Nimelia mbele za watu. Dada ametumia nafasi hiyo kudai chandarua chake. Nimempa. Leo ningempa hata nyumba.

Nimekaa nikatafuta sababu. Ni unyoya! Ulifanya kazi taratibu, nyuki wakaja kudandia sifa. Kwa hiyo nimechagua mti wangu uliozaa kuliko yote, nikate vikonyo vyake nibebeshe miche ishirini. Shamba zima aina moja, tamu tupu!

Jioni Tobia amekuja kunipongeza. Amenizawadia mti mmoja wa shambani kwake uwe kuni za harusi, nichague mwenyewe. Sikusita. Nimechagua ule mplamu wake mzee, mchachu, uliopinda. Ameuliza kama nina hakika. Nimemwambia shoka nitaleta mimi.