Siku Nilipoacha Kujua Kiingereza

Jumatatu, 8 Juni
Shule yetu ina mwalimu mmoja (Mama), mwanafunzi mmoja (mimi) na meza ya jikoni. Nimemaliza! Diploma imeshachapishwa: Nereida Quiñones, herufi za dhahabu. Mama ataisaini kama mkuu wa shule. Ila sheria za hapa Pennsylvania zinataka na saini ya mkaguzi, na mkaguzi lazima anihoji. Uso kwa uso! Mimi, ninayejificha bafuni mleta pizza akibisha hodi. Bila saini hiyo, chuo cha uuguzi hakinipokei Agosti.

Jumanne, 9 Juni
Dawa imepatikana. Nimemwandikia mkaguzi, Bi. Hostetter, mwalimu mstaafu, kwamba mimi ni mtu wa Kihispania tu, Kiingereza hakinipandi, kwa hiyo asome tu jalada la kazi zangu, mahojiano tuyaache. Kiingereza cha barua nimekivunjavunja makusudi. Saa mbili nzima! Kukosea vizuri ni kazi.

Alhamisi, 11 Juni
Balaa. Bi. Hostetter kaishi Peru miaka kumi na tisa! Mahojiano hakuyaacha: alituita kwake, akanipokea kwa Kihispania, akaniita binti yangu, akanikatia pai tamu ya molasi, akasema tangu mumewe afariki hajapata wa kupiga naye soga. Saa mbili na nusu. Vitabu, volkano, wavulana! Nilijibu. Mara moja nilicheka, naungama. Mama kwenye kochi alikuwa kama chungu kinachokaribia kufoka.

Kisha Bi. Hostetter akafunga jalada. Akasema mimi ni hodari, ila diploma inadai miaka minne ya Kiingereza, na kwa barua ile, sijui hata kusalimia. Hasaini.

Garini Mama akalipuka: miaka minne nakufundisha pale mezani, Nere, leo umenifanya mwalimu bure kabisa!

Ijumaa, 12 Juni
Mama kampigia simu, kaeleza yote. Bi. Hostetter kacheka mpaka akapaliwa. Nirudi Jumanne, nihojiwe kwa Kiingereza.

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: nilichagua lugha ambayo watu wanaijua. Jumanne nafunga skafu shingoni, sauti imekauka, naongea kwa mikono tu. Bubu hahojiwi!

Nilimdokezea Mama. Bila kuinua macho kwenye wali wa mbaazi, akasema kabla ya Peru Bi. Hostetter alifundisha shule ya viziwi.

Sijui hilo linanihusu nini. Skafu ya bluu, nadhani.