Ndege ya Kapteni Imetoka Kinyumenyume

Video ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima wa Etobicoke kabla Shamez, ambaye wote walimwita Kapteni, hajamaliza kukoroga kahawa yake. Alijikunyata kwenye benchi la nje ya duka la kahawa, kofia ameishusha mpaka masikioni, asijulikane.

"Tazameni tena!" Donatienne aliinua simu juu. Walimwita Redio, maana habari hazilali kwake. "Papa Kapteni anawasha, injini inalia wuuu, halafu ndege inatoka garaji na matako mbele! Mais, yaani kama mkwe aliyefumaniwa jikoni anaonja mchuzi, anatoka kinyumenyume!"

Kahawa zikamwagika kwa vicheko.

Shamez naye alicheka kidogo, kwa adabu tu. Miaka minne alikuwa akiijenga ndege ile kwa mikono yake. Na mkewe, Roshanara, alikuwa amempa mpaka leo saa sita mchana: ndege itoke garajini kwa nguvu zake yenyewe, naye atampikia biriani; la sivyo anaingiza humo majiko yake ya kukaangia sambusa za harusi.

"Spana, hebu sema wewe," Shamez alimgeukia Mogaka, fundi wa mafriji, msaidizi wake. "Si wewe uliyefunga gia?"

Mogaka aliangalia viatu vyake. "Mzee, injini ni nzima. Ile rotari tuliyoitoa kwenye gari inazunguka mara elfu sita kwa dakika. Pangaboi la kuvuta ndege haliwezi kasi hiyo, linataka elfu mbili na kitu. Ndiyo tukaweka gia za kupunguza."

"Hayo tumeyasikia tangu mwaka juzi," Redio alisema. "Kwa nini imerudi nyuma?"

"Gia mbili zikishikana, ya pili huzunguka kinyume cha ya kwanza." Mogaka aliongea kama anayeungama. "Nikaona mzee amesahau. Sasa mimi nimwambie mzee wa watu amekosea, mbele ya wajukuu zake? Ijumaa alipokwenda kuswali jamatkhana, nikaongeza gia ya tatu katikati, kimyakimya. Mzunguko ukarudi upande wake."

Shamez aliweka kikombe chini polepole.

"Bana wee! Mimi niliona wewe ndiye umesahau! Nikasema, nikimwambia atavunjika moyo. Nikaagiza pangaboi lililochongwa kwa mzunguko wa kinyume. Nimelifunga leo alfajiri, nikalipaka rangi ileile ya zamani usiligundue!"

Redio alishusha simu.

"Eh bon. Yaani mmeheshimiana mpaka ndege ikachanganyikiwa?"

"Na matairi ya kuizuia tuliyapanga nje ya mlango wa mbele, isigonge ukuta wa jirani," Mogaka alinong'ona. "Mlango wa nyuma tuliuacha wazi, hewa ipite."

"Nyuma kulikuwa na nini?"

"Mawaridi ya mke wangu," alisema Shamez.

Redio alijipiga paja. "Lakini subirini! Mama alisema itoke. Alitaja pua?"

Shamez aliinua kichwa. "Alisema, 'itoke humo kwa nguvu zake.' Neno kwa neno."

"Basi umeshinda, Papa!"

Mogaka aliruka, akacheza na pipa la takataka la plastiki kama bibi harusi. Wakiwa katikati ya vigelegele, Roshanara akatokea kutoka nyumbani ng'ambo ya barabara, unga umejaa viganjani, funguo za garaji zinaning'inia kidoleni.

"Imetoka au haikutoka?" Redio alimwahi.

"Imetoka. Futi kumi na tisa, nimepima kwa futi yangu ya kushonea. Na mimi sivunji ahadi. Niliahidi biriani, biriani iko mezani."

"Allah akuweke!" Shamez alisimama, machozi yakimlengalenga. "Tule, halafu tuirudishe ndani."

"Irudi wapi?" Alitikisa funguo. "Imetoka yenyewe, sikuigusa hata kwa kidole. Majiko yameshaingia."

Redio alikuwa wa kwanza kukimbilia biriani, simu inarekodi. Shamez akabaki amemshika Mogaka mkono.

"Spana, kuanzia leo nikikosea uniambie usoni."

"Sawa, mzee."

"Siyo 'sawa, mzee.' Anza sasa hivi!"

Mogaka alitazama kulia na kushoto.

"Mzee... hiyo kofia umeivaa nyuma mbele tangu asubuhi."