Gesi Chini ya Injini ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe anastaafu! Msimamizi wa gereji atakuwa mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Katupa mtihani wake wa siku zote: unawasha gari, unaweka glasi ya maji juu ya boneti. Gari lenyewe ni pikapu yake kuukuu, inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Atakayeyatuliza maji ndiye bosi. Naanza mimi.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji na raba zake za dukani za kukalishia injini, shauri yake! Nimesoma kuwa kuna vibebeo vya injini vyenye gesi ndani. Injini ikitetemeka, gesi inabonyea, mtetemo unaishia hapo hapo. Vyangu nimevitengeneza kwa tyubu ya lori na upepo wa kompresa. Upepo nao si gesi? Shemeji kachungulia, kaniambia injini ikipata moto vitavimba. Kijicho tu.

Jumatano, 6 Machi
Maji tuli! Baba mkwe kanipa mkono mbele ya mafundi wote. Kesho anampeleka mama mkwe kliniki kwa pikapu hiyo hiyo, mke wangu atawasindikiza. Akirudi atanitangaza. Walipoondoka wote nikaiacha injini iungurume kidogo. Nikainama kutazama. Vimevimba! Nikazima haraka. Vikapoa, vikanywea. Nikanyamaza.

Alhamisi, 7 Machi
Wameondoka. Njiani kuna kilima kirefu. Nimempigia mke wangu nimwambie wasimame. Nikajikuta nauliza tu gari linaendaje. Kasema halitetemeki hata kidogo, baba ananisifu njia nzima. Nikakata simu. Mimi ni mtu wa namna gani?

Baadaye. Kapiga yeye, analia. Kilimani kibebeo kimepasuka, injini imelala upande, feni imekula rejeta. Gari limeishia mtaroni, wamenusurika. Mama mkwe hajambo, baba mkwe kaumia mgongo. Nimekaa chini nikalia kama mtoto.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji ndiye bosi. Mimi naosha magari. Mke wangu hanisemeshi, nalala sebuleni. Nimempigia magoti baba mkwe. Kanisamehe, maskini, huku analalamika kwamba kiti chake kigumu kinamtesa mgongo. Nimekikagua kile kiti alipokwenda kulala. Miguu minne. Kibebeo kimoja chini ya kila mguu, upepo wa kutosha, atakaa kama mfalme. Shemeji asije na maneno yake: kiti hakipati moto.